Kitana cha ng'amba alichotuachia bibi: kiende Maskati au kibaki Amu?

Mjukuu wa Amu

Assalaam aleikum wanajukwaa. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka huu nyumbani kwake Mkomani, Amu (Lamu), na baada ya khitma tulikaa wajukuu pamoja na mama zetu kugawana vile vitu vidogo ambavyo havimo katika hesabu za mirathi lakini kila mtu anavitamani. Ndani ya kisanduku chake cha mbao kulikuwa na kitana kimoja kipana, cha rangi ya asali iliyoingiliana na weusi kama chai ya mkandaa, chenye meno kumi na tisa, mawili kati yake yamekatika. Chini ya kitana, ndani ya kipande cha leso kilichofungwa fundo, tulikuta magamba mawili ambayo hayajachongwa, kila moja lina upana wa kiganja changu, yamejikunja kidogo pembeni, na juu yake yamekwaruzika kama kitu kilichosuguliwa na mwamba miaka mingi. Mama anasema ni magamba ya ng'amba, aina ya kobe wa baharini, na kitana ni cha ng'amba pia.

Sasa binamu yangu aliyeko Maskati anaolewa baada ya mfungo sita na ameomba kitana hicho akitie nywele siku ya harusi, maana bibi alimlea. Wakati huo huo mtu mmoja anayenunua vitu vya kale hapa Mombasa, baada ya kuonyeshwa picha, alitaja bei ambayo ilinishtua, kisha akaongeza kwamba jambo hilo tusilitangaze. Neno hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa.

Naomba kusaidiwa katika mambo matatu. Kwanza, nitatambuaje kwamba hiki ni ng'amba wa kweli na si plastiki? Pili, je, naweza kukisafirisha kitana? Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa nini bibi, ambaye nakumbuka alipika nyama ya kasa mara mbili au tatu nilipokuwa mdogo, alikuwa hataki kabisa kusikia ng'amba akitajwa jikoni, lakini magamba yake aliyafunga ndani ya leso na kuyaita "mali"? Mnyama mmoja anawezaje kuwa mali na wakati huo huo asilike?

Sonara Mstaafu

Ndugu yangu, pole kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yetu. Nitajibu swali la kwanza kwa sababu hayo mengine yana wenyewe.

Utasikia watu wakikwambia uchome sindano moto na kulidunga gamba, kisha unuse. Ni kweli kwamba ng'amba akichomwa hutoa harufu ya nywele zinazoungua, kwa kuwa gamba lake limetokana na keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha, nywele na kwato, ilhali selulodi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kuiga ng'amba, hunukia kafuri. Lakini nakuomba usifanye hivyo. Nimeona bangili nzuri zikiharibiwa na sindano ya mtu aliyetaka kuhakikisha. Chukua tochi ya simu, iweke nyuma ya kitana gizani, kisha angalia kwa lenzi mahali ambapo rangi ya asali inakutana na ile nyeusi. Katika gamba la kweli weusi ule si wingu moja. Ni vitone vidogo vidogo vingi vilivyosongamana katikati na kupungua taratibu kuelekea kwenye asali. Katika plastiki rangi hukaa kama mchuzi uliomwagika, ina mpaka laini na haina vitone. Dalili nyingine ni kwamba gamba la kweli huliwa na wadudu wale wale wanaokula sufu na manyoya, kwa hiyo ukiona vijishimo vya kuchimbwa ukingoni, usihuzunike sana, maana mdudu amekuthibitishia.

Kuhusu hayo magamba mawili mabichi, sina shaka hata bila ya kuyaona, kwa maelezo ya ukubwa na mikwaruzo. Mgongo wa ng'amba una mabamba makubwa kumi na matatu: matano yamepangana katikati na manne kila upande, nayo hulaliana kama makuti ya paa, la mbele likilifunika la nyuma. Kasa wengine mabamba yao yamekaa bega kwa bega na ni membamba mno, ukijaribu kuyachonga yanakupasukia. La ng'amba ni nene, na sifa yake kubwa, ambayo hakuna pembe wala mfupa unaoifikia, ni kwamba hulainika ndani ya maji ya moto yaliyotiwa chumvi, likapindwa utakavyo, na likipoa hubaki hivyo hivyo. Zaidi ya hapo, ukikwangua vipande viwili mpaka viwe safi, ukavilowesha na kuvibana kwa chuma cha moto, hushikana bila tone la gundi, na ukishapiga msasa huoni kiungo. Nilipokuwa kijana niliona fundi akiunga jino la kitana kwa njia hiyo. Alikuwa akipima moto wa koleo kwa kulisogeza karibu na shavu lake, kwa sababu moto ukizidi kidogo gamba hugeuka jeusi na huwezi kuirudisha rangi yake.

Kazi hiyo nimeiacha zamani na sioni fahari kuirudia, ila umeuliza nami nimejibu.

Mzee wa Kizingitini

Mwanangu, bibi yako alikuwa mtu wa Amu na alijua alilolisema. Kwetu sisi tuliozaliwa baharini kasa na ng'amba hawakuwa mnyama mmoja, japo watu wa bara wanaona wote ni kobe wa majini. Kasa aliliwa, ng'amba aliuzwa. Mvuvi akirudi na kasa, watoto wangesimama ufukweni na sahani. Akirudi na ng'amba, angekuja mwenye duka.

Nitaeleza kwanza alivyokuwa akipatikana, maana vijana wengi hawajaona. Tulikuwa na samaki anayeitwa chazo, mwenye kibandiko utosini kama soli ya kiatu yenye mistari. Samaki huyu tabia yake ni kujigandisha kwa viumbe wakubwa na kusafiri nao. Mvuvi humshika chazo akiwa mzima, humfunga kamba nyembamba kwenye shina la mkia, na wakati wa kaskazi bahari inapotulia na maji kuwa maangavu hutoka naye. Wala hahitaji kumbeba, kwa sababu chazo mwenyewe hujibandika chini ya dau na kusafiri hivyo mpaka mwambani. Nahodha akimwona kasa au ng'amba amepumzika karibu na uso wa maji, chazo hubanduliwa, huoshwa kibandiko kwa mchanga ili kishike vizuri, kisha hutupwa kuelekea kule. Akishamfikia humganda tumboni. Hapo sasa kazi ni ya mkono: huvuti kwa nguvu kwa sababu kamba itamkata chazo, unalegeza na kukaza, unalegeza na kukaza, mpaka mnyama achoke, na akiwa mkubwa mtu huruka majini kumtia kamba kwenye kikono. Baba yangu alikuwa na chazo mmoja ambaye alimlisha vipande vya dagaa kwa mkono wake, na siku alipokufa alimzika mchangani badala ya kumtupa. Tulimcheka.

Sasa ukweli mwingine ambao si mzuri, lakini nikiuficha nitakuwa nimekudanganya. Gamba halibanduki kwa urahisi. Wako waliomuua ng'amba kwanza, na wako waliomweka juu ya moto akiwa hai, mabamba yakaachia, kisha wakamrudisha baharini wakiamini kwamba yataota tena kama kucha. Nilimwona mmoja akirudishwa hivyo nikiwa na umri wa miaka kumi au kumi na moja. Aliogelea kwa kuzunguka mahali pamoja. Sijasikia mtu aliyewahi kumkuta ng'amba wa namna hiyo akiwa na gamba jipya.

Nije kwenye swali lako la jikoni. Ng'amba hakuliwa kwa sababu nyama yake inaua. Haiui kila siku, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu anakula leo salama, jirani yake anakula kesho na haamki. Wazee wetu walisema sumu yake inatokana na anachokula, na wataalamu nao wengi wanadhani hivyo hivyo, kwa kuwa chakula chake kikubwa ni sifongo za mwambani, na sifongo nyingi zina sumu. Kuichemsha nyama hakusaidii, kuikausha hakusaidii, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini zaidi ya kumtunza mgonjwa. Mama anayenyonyesha akila, mtoto anaweza kufa kwa maziwa hata kama mama mwenyewe ataumwa kidogo tu. Na sumu haiko kwa ng'amba peke yake, kwa maana hata kasa wa kawaida anaweza kuwa nayo, ila ng'amba ndiye aliyejulikana zaidi. Mnakumbuka habari za Pemba: Novemba 2021 watu saba walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na Machi 2024 huko Kisiwa Panza wakafariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Kwa hiyo bibi yako hakuwa na ushirikina, alikuwa na watoto nyumbani.

Masheikh nao wana maneno yao juu ya nyama ya kasa, wako wanaoiharimisha katika madhehebu yetu ya Kishafii kwa kuwa mnyama anaishi bahari na bara, na wako wanaoihalalisha. Hilo sitaliingilia.

Mwalimu wa Historia

Shikamoo Mzee wa Kizingitini. Maneno yako "kasa aliliwa, ng'amba aliuzwa" yamenifurahisha kwa sababu yana umri mkubwa kuliko mji wowote wa pwani uliosimama leo.

Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja aliyetumia Kigiriki aliandika mwongozo wa safari za bahari hizi, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anapofika pwani yetu anataja kisiwa alichokiita Menouthias, ambacho wataalamu hubishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, na anasema kwamba wenyeji wa hapo huwanasa kasa kwa matega ya kusukwa yanayowekwa kwenye midomo ya vijito. Kisha anautaja mji wa soko wa Rhapta na kuorodhesha bidhaa zake: pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, ambayo anayasifu kuwa ndiyo bora baada ya yale ya India. Kwa maelezo ya Sonara kuhusu unene wa mabamba, ni wazi kwamba gamba la kufanyiwa biashara ya mbali namna hiyo lilikuwa la ng'amba. Kwa hiyo kabla hatujajulikana kwa karafuu, na kabla jina la Waswahili halijaandikwa popote, dunia ilikwisha kutujua kwa mgongo wa mnyama huyu.

Huko yalikokwenda yalipambia vitanda na samani. Mwandishi wa Kirumi Plini anamtaja hata mtu aliyeanzisha mtindo huo, Carvilius Pollio, na analisema jambo hilo kwa lawama, kama mfano wa anasa iliyopita kiasi. Baadaye sana, katika Ufaransa ya Mfalme Louis XIV, fundi André-Charles Boulle alijipatia umaarufu kwa kupachika shaba ndani ya gamba la kasa. Unguja ya karne ya 19 iliendelea kuyasafirisha pamoja na pembe za ndovu na sandarusi, ile gundi ya miti. Na Wajapani wana sanaa yao ya gamba hili wanayoiita bekko, ambayo makao yake makuu ni mji wa Nagasaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kati ya 1844 na 1992 biashara hii iliwachukua karibu ng'amba milioni 9 katika bahari zote.

Ningependa Mjukuu aliangalie hilo gamba alilo nalo akiwa na hesabu hiyo kichwani. Si kumlaumu bibi, ambaye aliishi katika uchumi aliourithi, bali kufahamu kwamba neno "mali" alilolitumia lilikuwa neno sahihi la kibiashara, na wala halikuwa tamathali.

Bint Misali

Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Pemba, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea katika kundi linalozunguka fukwe usiku na alfajiri kutafuta viota. Nimesoma michango ya wakubwa zangu kwa heshima, lakini naona tumemzungumzia ng'amba kama gamba, kama nyama na kama bidhaa, na bado hajatambaa.

Alama zake mchangani huzikosi ukishazoea. Kasa wa kawaida hujivuta kwa vikono vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo njia yake ni kama tairi la trekta, pande mbili zinalingana. Ng'amba ni mwepesi zaidi, mara nyingi kilo 45 hadi 70, naye hupiga kikono kimoja baada ya kingine kama mtoto anayetambaa, hivyo alama zake zinapishana. Tena hapendi uwazi. Hupanda ufukwe mpaka aingie chini ya vichaka, na mara nyingi tunamgundua kwa kusikia majani makavu yakikatika kabla hatujamwona. Hutaga mayai yanayokaribia 140 kwa wakati mmoja, na hurudia baada ya wiki mbili hivi, mara tatu hadi tano katika msimu, kisha hapiti ufukweni hapo tena kwa miaka miwili au zaidi. Mayai hukaa mchangani kama siku sitini. Mchanga ukiwa wa moto wengi huwa majike, ukiwa baridi wengi huwa madume, na ndiyo maana kuukata mti mmoja wa kivuli juu ya ufukwe si jambo dogo kama linavyoonekana.

Sasa angalieni hesabu kwa upande wake. Ng'amba huchukua miaka ishirini, na pengine zaidi ya thelathini, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Yule aliyenyang'anywa mabamba yake kumi na matatu kwa moto, kama alivyosimulia Mzee, alikuwa ameyalea kwa muda wote huo. Na tusidhani kwamba hatari imekwisha kwa kuwa vitana havichongwi tena. Jarife, yaani wavu mkubwa, hasa lile linalotegwa usiku kwa ajili ya papa na taa, halichagui. Ng'amba akinaswa hawezi kupanda juu kupumua na asubuhi anakutwa amekufa. Watoto wake nao wakitoka kiotani hufuata mwanga, ambao zamani ulikuwa bahari tu, na leo ni taa za hoteli. Huko Watamu, tangu 1997, lipo shirika linalowalipa wavuvi kiasi kidogo kwa ajili ya muda wao na nyavu zao wanapomtoa kasa akiwa hai badala ya kumchinja. Wako wanaosema kumlipa mtu ili asivunje sheria ni kumharibu. Mimi nimeona wavu ulioraruliwa na kasa, na najua bei ya wavu.

Faida yake baharini ni ile ile inayomfanya awe na sumu. Mdomo wake uliochongoka kama wa kipanga unaingia ndani ya nyufa za matumbawe na kung'oa sifongo, ambazo zikiachwa hutanuka na kuyafunika matumbawe. Ndani ya sifongo nyingi mna vijiti vidogo vya kioo, kioo kile kile cha mchanga, naye huvila bila kudhurika. Mvuvi wa changu na chewa anaufaidi mwamba huo pasipo kujua nani anayeupalilia.

Kwa yeyote anayefikiri kwamba hali haibadiliki, na aangalie jirani zetu wa Shelisheli. Walikuwa wachuuzi wakubwa wa gamba kuliko sisi. Mwaka 1994 serikali yao ilipiga marufuku biashara yote, ikawalipa mafundi fidia ili wabadilishe kazi na ikayanunua magamba waliyokuwa nayo, na mwaka 1998 ikachoma moto hadharani akiba ya tani mbili na nusu. Katika kisiwa chao kidogo cha Cousin, kilichonunuliwa mwaka 1968 na kugeuzwa hifadhi, idadi ya ng'amba wanaopanda kutaga imeongezeka takriban mara nane tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Tena wa huko hutaga mchana kweupe, jambo ambalo hapa kwetu hatulioni.

Kisiwa chetu cha Misali kimehifadhiwa rasmi tangu 1998, na wazee husimulia kwamba jina lake linatokana na Nabii Hadhir, ambaye alipokosa msala wa kuswalia alikielekeza kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Ng'amba hutaga pembezoni mwa msala huo.

Mpemba wa Maskati

Nimjibu Mjukuu swali lake la pili kwa kifupi, kwa kuwa niko huku na nimewahi kumwona mtu akishikwa uwanja wa ndege na bangili mbili za ng'amba alizosema ni za mama yake. Huenda alisema kweli, lakini bangili hakuzipata tena na ndege ilimwacha.

Ng'amba wa bahari zote aliingizwa mwaka 1977 katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ule unaoitwa CITES, na Kenya, Tanzania na Oman zote ni wanachama. Hata Wajapani, waliokuwa wamejitoa katika kipengele hicho ili mafundi wa Nagasaki wasikose kazi, walifunga uagizaji mwishoni mwa 1992, na mwaka 1994 wakaondoa pingamizi lao. Mkataba unaruhusu kitu cha zamani, kilichopatikana kabla ya sheria, kipewe cheti maalumu, lakini cheti hicho hutolewa na mamlaka ya nchi kinakotoka kabla ya safari, na lazima uonyeshe ushahidi wa umri wake. Kwa Kenya mamlaka hiyo ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Zaidi ya hapo, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inahesabu kitu cha namna hiyo kuwa nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa hata kama hujaiuza. Kwa hiyo usisubiri safari. Nenda kaulize sasa, wewe mwenyewe, ukiwa na picha na maelezo ya familia. Na yule mnunuzi aliyekwambia msitangaze amekwisha kukujibu kwa niaba ya sheria.

Mwambie bibi harusi kwamba hapa Oman tuna ng'amba wengi wanaotaga katika visiwa vya Daymaniyat, kaskazini magharibi ya Maskati, ambavyo ni hifadhi tangu 1996. Msimu wa kutaga watu hawaruhusiwi kushuka ufukweni, lakini nje ya msimu mashua zinakwenda, na mtu akitia miwani ya kuzamia anaweza kumwona akijisugua chini ya jabali. Nimempeleka mke wangu mara moja. Alikaa kimya njia nzima ya kurudi, kisha akaniuliza kama ni kweli nyanya yake alikuwa na kisu chenye mpini wa mnyama yule.

Mjukuu wa Amu

Wakubwa zangu na ndugu zangu, nawashukuru nyote, na Mzee wa Kizingitini nampa shikamoo ya pekee.

Jana usiku tulizima taa, nikaweka tochi nyuma ya kitana kama alivyoelekeza Sonara. Vitone vipo, vingi mno, na mwishoni mwa uti wa kitana mdudu amechimba vijishimo vitatu. Kwa hiyo ni ng'amba. Nimezungumza na binamu yangu na amekubali kitana kisisafiri; atapelekewa leso ya bibi, ile ile iliyofungiwa magamba, nayo ataitia begani siku ya singo, atakapopakwa manukato ya harusi. Wiki ijayo nitakwenda ofisi ya wanyamapori kuuliza, na nikishajibiwa nitauliza pia kama makumbusho ya Amu yanaweza kukipokea kitana pamoja na magamba, ili yakae mahali ambapo watu watayaona bila ya kuyanunua.

Jambo moja limebaki. Niliposoma kwamba mgongo wa ng'amba una mabamba kumi na matatu, nilimuuliza mama mbona bibi alikuwa na mawili tu. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Anasema babu alimletea bibi ng'amba mzima mwaka waliooana, kabla ya sheria hizi zote, na bibi hakumuuza kwa mkupuo mmoja kama walivyofanya wengine. Aliuza bamba moja mjomba alipokwenda chuoni Mombasa, jingine dau lilipovunjika, jingine mama alipoumwa homa ya manjano, na kitana kilichongwa kutoka katika bamba moja alipojifungua mtoto wa mwisho. Mama alifika bamba la tisa, akanyamaza, akasema hayo mawili mengine hayakumbuki, labda shangazi anajua. Kesho nitampigia shangazi simu Malindi.